Kilimia na Nairuzi: Tatizo la Kuzisoma Semi za Hali ya Hewa za Pwani

Miongoni mwa methali za Kiswahili zinazohusu mvua, iliyo mashuhuri zaidi ni ile isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kila mwanafunzi wa shule ya upili anaijua, na kila mwalimu anaweza kuieleza: jambo kubwa halitokei bila ya ishara. Methali hii haina mahali wala wakati. Yaweza kusemwa Kisumu au Kismayu, Januari au Septemba, na ikabaki kweli. Labda ndiyo sababu imeenea. Iko nyingine ambayo haikubahatika hivyo, nayo imehifadhiwa na makamusi zaidi ya ilivyohifadhiwa na vinywa vya watu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimewahi kuitoa darasani kwa wanafunzi wa uzamili, na fasiri niliyopewa karibu kila mara ni moja, kwamba mambo hugeuka, au kwamba baada ya dhiki faraja. Hakuna aliyeuliza Kilimia huzama lini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia maswali mengine yote. Uhakiki wetu wa fasihi simulizi umezoea kuziendea semi za namna hii kwa njia mbili. Ama tunazihesabu kuwa mafumbo ya kimaadili, tukautupa upande wa maana yake ya dhahiri, ama tunaziweka katika fungu la imani za jadi, tukazisifu kwa heshima ya wazee bila ya kuzipima. Mikusanyo mikuu ya methali za Kiswahili, tangu ule wa W. E. Taylor uliochapishwa London mwaka 1891 hadi ule wa Albert Scheven wa mwaka 1981, ina manufaa makubwa, lakini kwa tabia yake mkusanyo huing'oa methali kutoka siku iliyosemwa. Kwa methali nyingi hasara hiyo ni ndogo. Kwa methali ya hali ya hewa, siku ndiyo nusu ya maana.

Tuanze na jina lenyewe. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota ambalo Waarabu huliita Thuraya. Neno limejengwa kwa mzizi wa kitenzi -lima katika kauli ya kutendea, kwa hiyo maana yake ya kimaumbo ni kitu cha kulimia, kama ambavyo jembe ni kitu cha kulimia. Lugha za Kizulu na Kixhosa zina neno isiLimela kwa nyota hizo hizo, na muundo wake ni ule ule, kauli ya kutendea ikiwemo. Miongoni mwa Waxhosa mwezi wa Juni umepewa jina la nyota hizi, na miaka ya utu uzima wa mwanamume huhesabiwa kwa kuchomoza kwake. Haielekei kwamba Mzulu na Mswahili waliazimana jina hili baharini. Ni urithi wa Kibantu, wa kale kuliko dau na jahazi, nao unatuambia kwamba nyota hii ilitazamwa kwanza na mtu mwenye jembe. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kuyahusisha maarifa yote ya falaki ya Pwani na manahodha wa Ghuba, ilhali hapa tuna neno ambalo halikuvuka maji.

Sasa ni lini hicho Kilimia huzama? Katika latitudo za pwani yetu, nyota hizi huonekana magharibi baada ya Magharibi katika miezi ya Machi na Aprili, zikizidi kuteremka kila jioni, hadi mwanzoni mwa Mei ambapo humezwa na mwanga wa jua linalotua. Hupotea kwa muda wa takriban wiki tano. Kisha, katika siku za mwanzo za Juni, huonekana tena, safari hii mashariki, muda mfupi kabla ya alfajiri kupambazuka. Huko ndiko kuzama na kuzuka kunakotajwa na methali, wala siko kule kuzama kwa kila usiku. Na tukiziweka tarehe hizo kando ya mvua za Pwani, methali inaacha mara moja kuwa fumbo. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Mvua za masika, ambazo Mombasa huitwa pia mvua za mwaka, kwa kawaida huanza mwishoni mwa Machi au Aprili upepo wa kusi unaposhika, hufikia kilele chake Mei, na hupungua Juni. Mwaka ulio sawa, basi, Kilimia huzama mvua ikinyesha na huzuka mbingu zikianza kutakata. Mwaka ambao Kilimia kimezama kwa jua ni mwaka ambao masika yamechelewa, na methali inamwambia mkulima ambaye mahindi yake yako ardhini na yameanza kujikunja majani kwamba mvua aliyoikosa Mei ataipata Juni.

Kwa hiyo kauli hii haimfundishi mtu wakati wa kupanda, kama jina la nyota linavyoweza kutufanya tudhani. Mbegu ilikwisha kufukiwa wiki kadhaa kabla. Inahusu wakati mgumu zaidi, ule wa kungoja: je, palizi iendelee au shamba liachwe? Je, akiba ya mbegu iliyobaki itiwe ardhini mara ya pili au iliwe? Mtu aliyeyajibu maswali hayo vibaya aliweza kuilaza watoto njaa nyumba nzima. Hatuna budi kulikumbuka hilo kila tunapojaribiwa kuisoma methali hii kama pambo la mazungumzo.

Lugha ya methali nayo yastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka. Kwanza ni kiambishi hu-. Methali haisemi kwamba Kilimia kitazuka kwa mvua. Inasema huzuka. Kiambishi hiki hakina wakati, nacho hubeba mazoea, yaani lile ambalo aghalabu limeonekana kuwa. Wale wanaoziita semi hizi utabiri, kwa maana ya kuagua, wameipita sarufi bila ya kuitazama. Mwaguzi husema ita- na ata-. Aliyesema hu- ametoa ushahidi wa miaka mingi na akajiwekea nafasi ya kukosea mwaka mmoja.

Pili ni kile kihusishi kwa. Nyota imezama kwa jua, ikazuka kwa mvua. Haikusemwa kwamba imeleta mvua, wala imezuia. Kwa hapa ni ya hali iliyoandamana na tendo, kama tusemavyo kwamba fulani amefika kwa jua kali. Jambo hili lina uzito wa kidini ambao wahakiki wetu hawajauzingatia vya kutosha. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna hadithi sahihi, ile iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, inayomkemea mwenye kusema kwamba amenyeshewa kwa sababu ya nyota fulani, na kumsifu anayesema kwamba amenyeshewa kwa fadhila na rehema za Mungu. Makemeo hayo yaliielekea desturi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu ya kuzinasibisha mvua na nyota kwa mpango maalumu wa kuchomoza na kutua. Katika miji ya Pwani, ambako mwanachuoni na mkulima waliswali safu moja, methali iliyoipa nyota uwezo wa kunyesha ingepata taabu kudumu. Iliyodumu ni hii, ambayo nyota ndani yake ni saa ya ukutani tu. Sidai kwamba kihusishi kilichaguliwa na mtu aliyeijua hadithi hiyo. Nasema tu kwamba methali imekaa mahali ambapo mwenye itikadi yake angeweza kuitamka bila ya kusita.

Hapa, hata hivyo, pana kizingiti ambacho hakijitokezi hadi mtu atoke nje usiku wa Mei. Katika mwaka ulio sawa, ambao Kilimia huzama kwa mvua, anga ya magharibi imefunikwa na mawingu. Hakionekani kikizama! Mkulima aliwezaje kujua kwamba kimezama, na kwa hiyo aanze kuhesabu siku za kukingoja? Jawabu haliwezi kupatikana ndani ya methali. Yatupasa tuiendee hesabu ya pili ya wakati iliyotumika Pwani, nayo ni Nairuzi.

Nairuzi, au Siku ya Mwaka, ni mwanzo wa mwaka wa jua uliohesabiwa na Waswahili sambamba na ule wa mwezi mwandamo. Jina ni la Kiajemi na lilikuja kwa njia ya mabaharia. Mwaka huo una siku 365, zilizogawanywa kwa makumi, na kila kumi moja huitwa mwongo, na mwishoni zikabaki siku 5 za ziada. Misimu ya pepo na mvua ilipangwa kwa miongo: kusi na kaskazi, matlai iliyo baina yao, demani, vuli, mchoo, masika. Mtu aliyeishika hesabu hii hakuhitaji kuiona nyota. Aliijua siku yake kwa vidole, hata mbingu zikiwa nyeusi kama kaniki. Ndiyo hesabu iliyotumiwa pia na mwanamaji Ahmad bin Majid, ambaye katika kitabu chake cha elimu ya bahari, kilichoandikwa yapata mwaka 1490, anazitaja nyakati za kung'oa nanga kwa nambari ya siku tangu Nairuzi.

Lakini hesabu hii ina kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo kiini cha hoja yetu. Mwaka wa kweli wa jua una siku 365 na karibu robo. Nairuzi haina mwaka mrefu wa kufidia robo hiyo, kwa hiyo kila baada ya miaka 4 hurudi nyuma siku moja, na kila karne hurudi nyuma takriban siku 24. Katika zama za Ibn Majid Nairuzi iliangukia katikati ya Novemba kwa kalenda ya wakati ule. Wageni walioandika habari za Unguja katikati ya karne ya 19 waliikuta mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi, ambako Mwaka Kogwa ungali unaadhimishwa, ni mwezi wa Julai. Nyota haikusogea hivyo. Tukikadiria kwamba Kilimia huzama tarehe 3 Mei, basi kwa hesabu ya Ibn Majid kilizama katika mwongo wa 17 hivi, kwa hesabu ya Unguja ya mwaka 1870 katika mwongo wa 25, na kwa Nairuzi iliyoangukia tarehe 23 Julai, katika mwongo wa 29.

Matokeo ya hesabu hii kwa mhakiki si madogo. Babu akimwachia mjukuu wasia kwamba masika hukolea mwongo fulani, na baina yao ipo miaka 60, mjukuu atakuwa amepotoshwa kwa wiki mbili na ziada pasipo mtu yeyote kusema uongo. Elimu ya hali ya hewa ya Pwani, basi, haikuwa hazina iliyorithiwa ikiwa kamili, kama tunavyopenda kusema katika hotuba. Ilikuwa kazi ya kurekebisha. Hesabu ilimwezesha mtu kuiona nyota nyuma ya mawingu, na nyota, katika mwaka ule wa jua ambao ilionekana ikizama, ilimwezesha kuisahihisha hesabu. Naona kwamba hapo ndipo methali ya Kilimia ilipopata kazi yake hasa: yenyewe haina nambari. Haikutaja mwongo wowote, kwa hiyo haikuchakaa. Semi zilizotaja miongo hazikuwa na budi kubadilishwa kila kizazi au kufa, na yamkini nyingi zilikufa kwa njia hiyo, wala si kwa sababu ya redio na shule tunazozilaumu kila siku.

Na vivyo hivyo, mhariri wa maandishi ya kale anayekutana na neno mwongo katika barua, utenzi au hati ya safari hawezi kulitafsiri kwa kuangalia jedwali la misimu lililochapishwa katika kamusi, kwa sababu jedwali lile ni la mwaka lilipoandikwa. Hana budi kuijua tarehe ya matini kwanza, kisha aketi apige hesabu. Kinyume chake pia ni kweli: matini isiyo na tarehe, lakini inayoutaja mwongo pamoja na upepo au mvua yake, imetuachia kipimo cha kuikadiria karne yake. Sijaona tukikitumia kipimo hiki kama inavyostahili.

Niongeze dhana moja ambayo naitoa kwa tahadhari. Katika sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi hujengwa kibanda cha makuti, kikatiwa moto, na moshi wake hutazamwa: unakoelekea ndiko kunakosomewa bahati ya mwaka unaoingia. Julai ni kitovu cha kusi. Upepo huvuma kutoka kusini bila ya kubadili nia, na moshi karibu wote huelekea kaskazini. Mtu anayetaka kujua jambo kwa moshi wa Julai anauliza swali ambalo limekwisha kujibiwa. Lakini tukiirudisha Nairuzi pale ilipokuwa karne ya 15, tunajikuta katika Novemba, wakati wa matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na mwelekeo wa moshi wa asubuhi moja ungemwambia nahodha na mkulima wa vuli kitu cha maana. Hatuna ushahidi kwamba kibanda kilichomwa zama hizo. Hata hivyo, inawezekana kabisa kwamba tunachokiita leo imani ni kipimo cha upepo kilichohamishwa polepole na kalenda, robo siku kwa mwaka, hadi kikaachwa na majira yake. Ikiwa ndivyo, basi tofauti baina ya ujuzi na ushirikina katika jambo hili haimo katika akili za watu. Imo katika tarehe.

Yafaa hapa kugusia mkondo mwingine ambao neno nyota limeufuata katika fasihi yetu. Mohamed Suleiman Mohamed alipoiita riwaya yake Nyota ya Rehema mwaka 1976, hakuna msomaji aliyetazama juu. Nyota hapo ni majaaliwa ya mtu mmoja. Unajimu wa bahati umeimeza falaki ya misimu katika lugha ya kawaida, na msomaji wa leo anapoisikia methali ya Kilimia anaisikia kwa sikio hilo: anatafuta nani ana nyota nzuri.

Turudi kwenye methali na tuitendee haki ya mwisho, ambayo ni kuitilia shaka. Umbo lake ni la kupishana: jua kwa mvua, mvua kwa jua. Vipande viwili vina uzani unaokaribiana na mwisho wa kila kimoja unaujibu mwanzo wa kingine. Ni umbo zuri na rahisi kukumbuka, na bila ya umbo hilo pengine tusingekuwa nayo. Lakini mbingu hazikugawanywa nusu kwa nusu. Kipande cha pili, cha kuzama kwa mvua na kuzuka kwa jua, ndio mwaka wa kawaida. Kipande cha kwanza ni mwaka wa hitilafu. Methali imevipa uzito sawa kwa sababu mizani ya sanaa ilidai hivyo, na ikakitanguliza kile cha hitilafu, ama kwa bahati, ama kwa sababu anayehitaji methali ni yule aliyekumbwa na hitilafu. Anayenyeshewa Mei hana haja ya kuambiwa lolote.

Zaidi ya hayo, zipo hali nne zinazowezekana, na methali imetaja mbili. Haikusema lolote juu ya Kilimia kinachozama kwa mvua na kuzuka kwa mvua, ambayo ni gharika. Wala haikusema juu ya kile kinachozama kwa jua na kuzuka kwa jua. Mwaka 1984 masika yalikosekana katika sehemu kubwa ya Kenya. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika maeneo makavu ya nchi, na kaunti za Kilifi, Kwale na Lamu zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Mkulima wa Ganze au Kinango aliyeishika methali kwa uaminifu mwezi wa Mei 2022 angengoja hadi Juni, na baada ya Juni asingekuwa na methali ya kushika.

Je, ukimya huo ni upungufu wa ujuzi au ni mpaka uliowekwa kwa makusudi? Mimi naelekea upande wa pili, ingawa siwezi kuuthibitisha. Watu waliotunga kauli hii waliishi na ukame kama sisi. Waliijua hali ya nne. Lakini kwa hali hiyo hawakuwa na nyota, walikuwa na ibada: sala ya kuomba mvua kiwanjani, na katika miji kama Mombasa ng'ombe aliyezungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Mahali methali iliponyamaza ndipo zinguo lilipoanza, na anayezisoma semi bila ya kuzisoma ibada zilizopakana nazo ataudhani ukimya huo kuwa tundu.

Kuna mwanafunzi mmoja aliyeniletea tasnifu juu ya methali za kilimo, nikamwomba aandike tarehe kando ya kila methali. Aliniuliza tarehe ya methali ataipata wapi. Nilimwambia atoke nje jioni, wiki ya mwisho ya Aprili, aangalie magharibi. Alikuja baada ya wiki mbili akasema kulikuwa na mawingu.